Kambi ya ufuoni hupangwa kwa mwezi: tuchapishie saa za maji

Kwako Mhariri,

Msimu wa likizo umewadia, na kama ilivyo ada, vijana kutoka bara watashuka Mombasa na mahema mgongoni kuwatembelea marafiki zao wa Likoni, Bamburi, Kikambala na Tiwi, walale siku mbili tatu karibu na bahari. Tunawakaribisha kwa moyo mmoja. Ombi letu kwa gazeti lako ni hili: kando ya utabiri wa hali ya hewa, weka kisanduku cha saa za maji kujaa na kupwa hapa bandari ya Kilindini. Mvua huonekana ikija, na mwizi huwekewa mlinzi. Maji ndiyo humkuta mgeni usingizini, kwa kuwa alipanga safari kwa kuangalia Ijumaa iko lini, asiulize mwezi uko wapi.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kama dakika 50 kila kukicha. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku moja mbili baada ya hapo, huwa ni bamvua: maji hujaa mno na kupwa mno. Katikati ya bamvua mbili huja maji mafu, yanayopanda kidogo na kushuka kidogo. Kilindini, tofauti baina ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3. Wakati wa maji mafu hukaribia mita 1 tu. Mtu aliyepiga hema vizuri wiki moja akarudi mahali pale pale wiki inayofuata anaweza kuamka ndani ya maji, na mahali hapajabadilika hata kidogo.

Kuna jambo moja ambalo mgeni hawezi kulikisia, nalo ndilo hasa linalotufanya tuandike. Bamvua ya Mombasa ina saa zake, mwaka mzima. Hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Sasa mfikirie mgeni aliyefika jioni, akakaa barazani na wenyeji wake, akala, kisha saa tatu usiku akashuka ufuoni na tochi. Anaona uwanja mpana wa mchanga tambarare, mgumu, usio na jani wala taka. Anadhani amepata pahali pazuri kuliko pote. Pamekuwa safi hivyo kwa sababu bahari hupaosha mara mbili kwa siku, na zamu yake inayofuata ni saa kumi alfajiri, wakati kila mtu kambini yuko kwenye usingizi mzito. Viatu, simu, mchele na unga huondoka kwanza, kwa sababu ndivyo vilivyowekwa nje ya mlango.

Wazee wa Pwani hawahitaji jedwali kujua haya, kwa sababu wanahesabu kwa mwezi wa Kiislamu. Mwezi mosi hadi tatu ni bamvua, mwezi 15 hadi 17 ni bamvua tena. Mwezi 8 hadi 10, na 22 hadi 24, ni maji mafu. Mgeni anayeweza kumuuliza rafiki yake wa huku, «Leo mwezi ngapi?» ameshapata nusu ya jibu. Nusu ya pili iko kwenye jedwali ambalo Mamlaka ya Bandari huchapisha kila mwaka, lenye saa na kimo cha maji kwa kila siku. Bamvua ya kawaida hujaa hadi kama mita 3.5 kwenye jedwali hilo, na maji mafu hujaa hadi kama mita 2.4. Ukiona 3.7 na kuendelea, sogeza hema juu zaidi ya ulivyokusudia. Bamvua kubwa kabisa za mwaka huja karibu na Machi na Septemba. Pia jedwali halihesabu upepo wala mawimbi: siku ya upepo mkali wa kusi maji hupanda ufuo kupita pale yalipoandikiwa.

Hata bila jedwali, ufuo wenyewe husomeka. Anzia majini upande juu. Mstari wa kwanza wa mwani, wenye unyevu na viroboto vya mchanga, ni wa maji yaliyojaa mara ya mwisho. Endelea. Mstari wa pili, wa mwani mkavu unaovunjika mkononi, vifuu na vijiti, ni wa bamvua iliyopita. Juu yake utaona majani yatambaayo yenye maua ya zambarau. Mimea hiyo haistahimili kuzamishwa kila wiki mbili, kwa hiyo inapoanza kuota kwa wingi ndipo nchi kavu inapoanza. Hema na likae nyuma ya hapo, hatua kumi au zaidi. Na palipo na ukuta wa hoteli au jabali la mwamba, pasipo na mstari wa pili wala majani, maana yake ni kwamba bamvua hufika ukutani. Hapo si pa kulala. Hata kutembea baina ya ukuta na maji saa tisa alasiri ya bamvua ni hatari, kwa kuwa njia hufungwa mbele na nyuma kwa wakati mmoja.

Hapa sheria na bahari hukutana kwa namna ya kumtatiza mpiga kambi. Katiba ya 2010, Ibara ya 62, inaitaja ardhi yote iliyo baina ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ni ardhi ya umma. Kwa hiyo hakuna anayeweza kumfukuza raia anayetembea ufuoni mbele ya hoteli au jumba la mtu. Lakini ukanda huo huo wa umma ndio unaozama. Kipande kikavu ambapo hema linaweza kusimama salama kina mwenyewe, awe mtu, familia, hoteli, msikiti au serikali. Hakuna namna ya kulala ufuoni kwa amani bila kumwomba mtu ruhusa, na hapa ndipo rafiki mwenyeji anapokuwa na thamani kuliko hema lenyewe.

Ruhusa huombwa mchana, kabla ya mizigo kushushwa. Mwenyeji atangulie, apige hodi, amwamkie mzee shikamoo, aseme mmekuja watu wangapi, mtalala siku ngapi na mtaondoka lini. Kama ni karibu na bandari ya wavuvi, mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, ajue, kwa sababu mashua hutoka gizani na nyavu huanikwa pale pale mnapotaka kupiga hema. Mzee wa mtaa naye ajue. Bei ya kulala, ya mlinzi wa usiku, ya maji ya kisima na ya choo itajwe yote mwanzoni, mbele ya mwenyeji wenu. Ugomvi mwingi wa asubuhi huzaliwa na neno «tutaongea kesho». Mlinzi achaguliwe na mwenye mahali. Mkileta wa kwenu kutoka mjini, mnakuwa mmewaambia majirani kwamba hamwaamini.

Ufuo wa umma wa Bamburi ni mzuri kwa kuogelea na kwa watoto, lakini si wa kulala. Watu ni wengi hadi usiku na hakuna kona ya kufunga. Upande wa kaskazini, ng'ambo ya daraja la Mtwapa, Kikambala ina ufuo mpana na minazi. Upande wa kusini, Tiwi ina nafasi na utulivu zaidi, na ziko sehemu zinazokodisha uwanja wa hema wenye choo na maji. Kufika Tiwi, vuka kivuko cha Likoni, panda matatu ya Ukunda, shuka njiapanda ya Tiwi, kisha chukua bodaboda au tuktuk hadi ufuoni. Msitembee kwa miguu na mabegi kwenye barabara hiyo ya vichaka, hasa jua likikaribia kuzama. Wanaoshuka treni Miritini wanaweza kupita kwa gari barabara ya Dongo Kundu wasiguse kivuko kabisa.

Sasa hema. Vigingi vinavyouzwa pamoja na hema, vya shubiri moja, vimetengenezwa kwa ajili ya udongo. Kwenye mchanga mkavu upepo huving'oa kimoja baada ya kingine, na vikitoka viwili, vinne vilivyobaki haviwezi kitu. Kinachoshika mchanga ni kitu kilichozikwa. Tafuta vijiti sita vya unene wa mpini wa jembe, sentimita 30 kila kimoja, au mifuko sita ya nguo uijaze mchanga kilo tano tano. Chimba shimo la sentimita 40. Funga kamba katikati ya kijiti, kisha ukilaze chini kikiwa kimekingama na kamba, si kwa kuielekea. Chora mfereji mwembamba kutoka shimoni kuelekea hema, kamba ipite humo kwa mteremko. Bila mfereji huo kamba itapinda juu ya ukingo wa shimo, na ukingo ukibomoka usiku, kamba inalegea. Fukia, kanyaga kwa kisigino, mwagia maji ndoo nusu. Mchanga uliolowa hushikana, mkavu hutiririka. Kamba nne ziwe za pembeni, mbili za ziada upande wa upepo. Kabla ya kulala zungukeni mkizivuta zote, kwa kuwa jua la mchana huukausha mchanga na kazi huanza upya.

Upande wa upepo unategemea msimu. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili hadi Septemba. Ufuo wetu unaelekea kusini-mashariki, hivyo kusi hupiga moja kwa moja kutoka baharini, na kaskazi hupita ubavuni mwa ufuo. Wakati wa kusi mlango utazame nchi kavu. Wakati wa kaskazi utazame kusini-magharibi. Na kwa kuwa jua letu huchomoza kutoka baharini, miti iliyo nyuma ya kambi haitoi kivuli asubuhi. Saa moja na nusu hema limeshakuwa tanuri. Turubai la kivuli lifungwe upande wa bahari, na liachwe nafasi ya sentimita 30 baina yake na paa la hema ili hewa ipite. Wengi hulitupa juu ya hema lenyewe, wakashangaa joto kuzidi.

Usilale chini ya mnazi. Nazi iliyokomaa ina uzito wa kutosha kumuua mtu, na kuti lake zito likianguka halina huruma pia. Mvinje unaonekana salama kwa sababu hauna matunda mazito, lakini matawi yake makavu huvunjika wakati wa kusi. Angalia juu kwanza, kisha ndipo uangalie chini.

Likizo za Aprili huangukia mwanzo wa masika, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi hapa. Wapiga kambi wangoje. Agosti hakuna joto kali, ila bahari ina mawimbi na mwani hurundikana ufuoni kwa kusi. Kipindi kizuri ni Januari hadi katikati ya Machi, kaskazi ikitulia, watu wamepungua. Desemba ni ya furaha na msongamano. Anayeweza kuchagua wikendi, achague iliyo kwenye maji mafu kama shabaha yake ni kulala karibu na maji, au iliyo kwenye bamvua kama shabaha yake ni kutembea mwambani, yaani kwenye mwamba wa matumbawe ulio mbele ya ufuo. Vyote viwili kwa siku moja haviji.

Kutembea mwambani ndiko marafiki wenyeji hupenda kuwatembeza wageni, na ndiko kunakohitaji saa kuliko kulala. Bamvua ikipwa saa nne asubuhi, kina baina ya ufuo na mwamba hubaki madimbwi, na mtu anaweza kufika mbali kwa miguu. Toka saa mbili. Saa nne kamili geuka, hata kama ndiyo kwanza umeona pweza. Sababu ni hii: saa ya kwanza baada ya kupwa maji hupanda kidogo sana, na macho hudanganyika kwamba bado kuna wakati. Saa ya tatu na ya nne hupanda kwa robo ya kimo chote kila moja. Kwenye bamvua hiyo ni kama sentimita 80 kwa saa, kina cha nyonga. Tena maji hayaji kutoka mbele ulikotazama. Huingia kwenye milango ya mwamba, yakajaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yako, baina yako na ufuo. Aliyesimama mwambani miguu ikiwa mikavu anaweza kuwa tayari amezungukwa. Milango hiyo hiyo, maji yanapotoka, ina mkondo unaovuta kuelekea bahari kuu. Ukishikwa nao usishindane nao, ogelea kwa kuukata ubavuni mpaka uutoke.

Vaeni viatu vilivyofungwa, vyenye soli ngumu. Ndara huvuka na kubaki kwenye matope, halafu mguu ukatua kwenye wale viumbe weusi wenye miiba mirefu kama nungunungu. Mwiba ukivunjikia ndani usiuchimbe kwa sindano, kwani huvunjika zaidi. Wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi, na kidonda kikivimba mtu aende zahanati. Mchanga ukiwa na maji ya kifundo, burura nyayo badala ya kunyanyua, ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, asikie ujio wenu akimbie. Aliyechomwa na taa, au na samaki anayefanana na jiwe, atiwe mguu kwenye maji ya moto, nyuzi kama 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, huku safari ya hospitali ikitayarishwa. Joto hupunguza maumivu ya sumu hiyo. Maji yajaribiwe na mkono wa mtu mwingine aliye mzima, kwa sababu aliye na maumivu makali hawezi kujua kama anaungua. Birika la maji ya moto liwe karibu kila mnapotoka mwambani. Simu ya dharura ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu ni 1199.

Tiwi kuna dimbwi la mwambani ambalo umbo lake limelifanya liitwe Africa Pool, na kuogelea humo ni wakati wa maji kupwa peke yake. Kusini yake, mto Mwachema unaingia baharini karibu na msikiti wa Kongo, msikiti wa kale wenye mibuyu mikubwa, ambao bado unaswaliwa. Maji yakipwa mtu huvuka mlangoni mwa mto kwa miguu hadi upande wa Diani. Yakijaa, aliyevuka hurudi kwa barabara, mzunguko mrefu. Msikitini mtu huvua viatu, hujisitiri, huomba ruhusa kwa waliopo. Nguo ya kuogelea ibaki majini: kila mgeni awe na leso au kikoi begani, avae anapokata mtaa kwenda dukani.

Mbele ya Nyali na Bamburi ipo Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa 1986 na kusimamiwa na KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya. Ndani ya mbuga yenyewe hakuna kuvua kabisa. Katika eneo la akiba linaloizunguka, uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Konokono, kombe na matumbawe, hata yaliyokufa, yaachwe pale yalipo. Kombe tupu lina kaa anayelingoja awe na nyumba.

Maji ya kunywa yasikadiriwe kwa macho. Hesabuni lita tano kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia. Watu sita kwa siku mbili ni lita 60, ongezeni 20 za kuondoa chumvi usoni na kusuuza sufuria: mitungi minne ya lita 20. Visima vya karibu na ufuo vingi vina chumvi, na ardhi yetu ya mwamba wa matumbawe ina matundu, hivyo uchafu wa choo husafiri upesi hadi kisimani. Maji hayo ni ya kuogea. Yakibidi kunywewa, yachemshwe. Kwa sababu hiyo hiyo, mahali pasipo na choo msipige kambi. Shimo mnalochimba nyuma ya kichaka huenda liko juu ya kisima cha jirani.

Moto uwashwe kwenye jiko la makaa au kwenye shimo lililo kwenye mchanga mtupu, mbali na makuti. Mafiga yasiwe mawe ya mwamba yaliyotoka majini, kwani unyevu ulio ndani hugeuka mvuke na jiwe hupasuka na kurusha vipande. Mikoko isikatwe. Kuni za ufuoni ni vifuu na makumbi: vifuu huwaka kwa moto mkali wenye moshi mchache, vinafaa kuchomea samaki, makumbi huungua polepole kwa moshi, na yakiwekwa upande wa upepo jioni hufukuza mbu. Neti ni lazima vilevile, na mchana mtu ajipake dawa, kwa kuwa mbu wa homa ya dengi na chikungunya huuma mchana. Moto ukimalizika, uzimwe kwa maji, mkoroge, mmwage tena. Kuufukia kwa mchanga ndiko kunakowaunguza watoto: makaa hubaki na joto saa nyingi, na juu yake hapana alama.

Samaki nunueni kwa wavuvi mashua zikirudi, kabla hajapanda pikipiki. Tafi na changu wanatosha kuchomwa wazima. Wapasuliwe ubavu mara tatu, wasiguswe na chumvi mpaka moto uwe tayari, wapakwe ukwaju uliokandwa, pilipili, kitunguu saumu na ndimu. Wali wa nazi kambini huharibika kwa sababu moja, moto wa chini kuzidi. Kwa kilo moja ya mchele chukueni nazi mbili. Zikuneni kwa mbuzi, kamueni tui zito kikombe kimoja mkaliweke kando, kisha kamueni tui jepesi lita moja na robo. Mchele uive kwenye tui jepesi lenye chumvi, na likikaribia kukauka mmimine tui zito, mpunguze moto wa chini, mpalie makaa juu ya kifuniko. Tui lililokamuliwa halilali, joto letu huligeuza chachu kabla ya usiku kwisha. Kila kilichobaki kifungwe kwenye ndoo yenye kifuniko cha kubana. Kunguru wa Mombasa hufungua mifuko, tumbili hufungua zipu.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 28, 2017, na tangu Juni 5, 2020 chupa, sahani, vikombe na mirija ya plastiki ya kutumika mara moja haviruhusiwi katika maeneo ya hifadhi, fuo zikiwemo. Kwa hiyo bebeni mitungi, vikombe vya bati na kikapu cha ukindu. Taka zirudi mjini nanyi. Msizizike, kwa sababu bamvua inayofuata huzifukua.

Usiku punguzeni taa. Kasa jike hupanda ufuoni kutaga, na vifaranga wakitotolewa baada ya miezi miwili hivi hufuata mwangaza ulio juu ya bahari. Taa ya kambi au moto mkubwa huwapoteza, wakaelekea nchi kavu na kufa kabla ya adhuhuri. Mkiona nyayo pana kama za tairi zikitoka majini, zimeni tochi, msimsogelee, msimpige picha kwa mwanga, mjulisheni mzee wa BMU au KWS.

Mkirudi nyumbani, hema lioshwe kwa maji yasiyo na chumvi na kuanikwa siku nzima. Chumvi iliyobaki huvuta unyevu, na kitambaa huoza kabatini. Meno ya zipu yasuguliwe kwa mshumaa.

Tunarudi kwenye ombi letu, Mhariri, na namna ya kulitimiza. Kisanduku kiwe na mistari minne kwa kila siku: maji kujaa mara mbili, kupwa mara mbili, kila mstari na kimo chake kwa mita, na pembeni tarehe ya mwezi wa Kiislamu. Tunaomba sana saa ziandikwe kwa Kiswahili, saa kumi alfajiri, saa nne asubuhi. Jedwali la bandari huandika 04:10 na 10:20. Kuna watu wanaosoma 04:10 wakaitafsiri kuwa saa nne na dakika kumi. Kosa la saa sita kwa basi ni kuchelewa tu. Kwa bahari, saa sita ni umbali ule ule ulio baina ya kujaa na kupwa, hivyo msomaji huyo atapeleka watoto mwambani saa ile hasa maji yanapofika juu kabisa, na atapiga hema ufuoni akiamini yamekwisha kushuka. Mwandishi wenu anaweza kuzibadilisha saa hizo kwa kutoa au kuongeza sita, kazi ya dakika tano kwa wiki nzima.

Wasomaji wenu,
Likoni, Mombasa